Je, Wajua? Lahajedwali Ilianzia Ubaoni

Lahajedwali, programu ambayo mhasibu wa leo haanzi kazi bila kuifungua, ilitokana na ubao wa darasani. Mwaka 1978, Dan Bricklin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alimtazama profesa wake akijaza jedwali kwa chaki. Tarakimu moja ikibadilika, ilibidi afute na kukokotoa upya nyingine zote zilizoitegemea. Bricklin akaona kazi hiyo inafaa kuachiwa kompyuta. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatoa VisiCalc mwaka 1979, kwa kompyuta ya Apple II. Ilikuwa na safumlalo 254 tu. Excel ya sasa ina zaidi ya milioni moja.

Tangu hapo, kujumlisha haraka si sifa kubwa tena ya karani. Kukagua ndiko kunakolipa. Mwaka 2020, Uingereza ilichelewa kuripoti maambukizi karibu 16,000 ya korona, kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani, lenye kikomo cha safumlalo 65,536, lilijaa na taarifa zilizozidi zikaachwa nje. Ukiletewa ripoti iliyojumlishwa na kompyuta, hakikisha kwanza kwamba mistari yote imo.