Chemchemi ya Bustani Iendeshwayo na Jua

Mwezi huu twataka kuwaletea wasomaji wetu habari ya kazi ya mikono, ambayo mwalimu aweza kuifanya pamoja na wanafunzi wake, au baba pamoja na watoto wake, kwa muda wa siku mbili. Kazi yenyewe ni kutengeneza chemchemi ndogo ya bustani, yenye kurusha maji juu kwa nguvu ya jua, pasipo mafuta wala kuni wala waya wa umeme utokao mjini.

Twajua ya kuwa wako watakaouliza mara: Je, yafaa kuyachezea maji? Mama mmoja mzee wa kanisa alitusemesha hivyo kwa ukali, akasema ya kuwa maji yaliyobebwa kichwani toka mtoni hayakuletwa nyumbani ili yarushwe hewani watu wakitazama. Neno lake ni zito, wala hatutaki kulipuuza. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na shingo inayoujua uzito huo kwa kawaida si ya yule asemaye habari za bustani. Basi twasema tangu mwanzo: nyumba ambayo maji ya kunywa na ya kupikia hayajatosha, chemchemi ingoje. Kwanza mfereji wa bati kando ya paa na pipa la kupokea mvua. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la bati lenye eneo la mita 20 za mraba, huleta karibu lita 200, hata ukitoa yale machache yapoteayo. Maji hayo hayakumchosha mtu, na hayo ndiyo maji ya chemchemi.

Tena, maji ya chemchemi hayamwagwi ovyo. Ni yale yale yarukayo, yakaanguka, yakarudi chini kuvutwa tena. Yapunguayo ni yale yaliyokaushwa na jua na yaliyochukuliwa na upepo, labda lita moja au mbili kwa siku katika chemchemi ndogo.

Mtu asidhani ya kuwa fikira hii ni ya jana. Mwaka 1615 fundi mmoja Mfaransa, jina lake Salomon de Caus, yule aliyeitengeneza bustani kubwa ya ngome ya Heidelberg katika Ujerumani, alichapisha kitabu ambamo alionyesha chemchemi iendeshwayo na jua. Alichora masanduku ya shaba yaliyotiwa maji kiasi, na vioo vya kukusanya mionzi ya jua juu yake. Hewa iliyomo ndani ikipata moto hutanuka, nayo huyasukuma maji yapande katika bomba; usiku hewa ikipoa hunywea, na maji mengine huvutwa kutoka chini.

Baada yake wengi walijaribu, lakini twapenda kumtaja mmoja tu, kwa kuwa kazi yake ilifanyika katika Afrika. Frank Shuman, Mmarekani, alisimamisha mtambo wake mwaka 1913 huko Maadi, karibu na Cairo katika Misri. Aliweka vioo vilivyopindwa mfano wa mifereji, safu tano, kila moja urefu wake kama mita 62, navyo viligeuzwa kulifuata jua. Mvuke uliopatikana uliendesha injini, na injini ikavuta maji ya mto Nile kunywesha mashamba, zaidi ya lita 20,000 kwa dakika. Mwaka uliofuata, 1914, Vita Kuu ikaanza. Mafundi wakatawanyika, na mtambo ule ukavunjwa. Twasikitika kila tusomapo habari hiyo, maana mashamba yalikuwako, na mto ulikuwako, na jua halikwenda vitani.

Njia ya leo ni nyingine, haina moto wala mvuke. Mwaka 1954 wataalamu watatu wa Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha vipande vya silikoni, kitu kipatikanacho katika mchanga, ambavyo vikipigwa na nuru hutoa umeme papo hapo. Walipata kama sehemu 6 katika kila 100 za nguvu ya nuru. Paneli nyingi ziuzwazo madukani siku hizi hutoa karibu sehemu 20 katika 100. Hii ndiyo sola ambayo watu wengi wamekwisha kuitia juu ya mapaa yao kwa ajili ya taa na simu.

Sasa tuje kwenye kazi. Tafuta paneli ya wati 10, ambayo ukubwa wake ni kama daftari la mahudhurio lililofunguliwa. Tafuta na pampu ndogo ya kuzamishwa majini, ya volti 12, itumiayo umeme kama ule wa betri, si ule wa ukutani. Ni heri kununua pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, kwa sababu paneli iandikwayo volti 12 hutoa volti 18 na kuzidi jua likiwa kali, na pampu isiyozoea huungua. Mwulize muuzaji neno hilo kabla hujatoa fedha. Tena usidanganyike na maandishi ya sanduku. Likisema ya kuwa pampu hupandisha maji mita 2, maana yake ni kwamba katika mita 2 hakuna hata tone litokalo tena; maji mazuri utayapata katika nusu ya kimo hicho.

Chimba shimo mahali ambapo jua huonekana tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa alasiri. Zika humo pipa la plastiki la lita 50, mdomo wake uwe sawa na ardhi. Weka tofali moja chini, na pampu juu ya tofali, ili matope yanayotuama yasiizibe. Funga bomba jembamba katika pampu, lisimame wima katikati. Kisha tandika juu ya mdomo wa pipa wavu wa waya wenye nguvu, na juu yake kitambaa cha chandarua, na juu ya chandarua mawe laini ya mtoni, hata pipa lisionekane kabisa. Ncha ya bomba peke yake ichomoze kati ya mawe. Maji yatapanda, yataanguka juu ya mawe, na kupenya hata kurudi pipani. Kimo cha maji yarukayo kisizidi nusu ya upana wa mawe uliyoyatandaza, au upepo utayapeleka kwa jirani.

Kwa nini twataka pipa lifunikwe, wala hatusemi beseni zuri lililo wazi, kama yale ya picha? Hapa twaomba msomaji asipite upesi. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyotulia, na katika joto letu yai laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hata kumi. Maji yachezayo mchana hayamfai mbu, lakini jua likichwa chemchemi hii husimama, na maji hutulia usiku kucha. Kupanda homa ya malaria mlangoni mwako kwa ajili ya kupendeza macho si akili. Basi chandarua kisiwe na tundu, na hata hivyo kila Jumamosi pipa litolewe maji yote, lisuguliwe ndani, na kuachwa likauke kidogo. Maji yaliyotolewa yapewe mchicha na nyanya. Kwa hiyo maji ya mvua yamefanya kazi mbili, nasi twadhani hata yule mama mzee hatatugombeza kwa hayo.

Sababu ya pili ni watoto. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji ya kimo cha kiganja tu, wala hapigi kelele. Juu ya mawe hana pa kuzama. Lakini wavu wa chini uwe wa nguvu hata mtu mzima akikanyaga usibonyee.

Katika kuiweka paneli, fuata jambo hili: wakaao kusini mwa ikweta waielekeze kaskazini, na wakaao kaskazini mwa ikweta waielekeze kusini, tena iinamishwe kidogo tu, kiasi cha mvua kuosha vumbi. Iachwe nafasi ya hewa chini yake, kwa sababu paneli hupenda nuru, lakini joto huipunguza nguvu. Tena kivuli kisiiguse. Vipande vyake vimefungamana kama watu wapokezanao ndoo kwa mstari. Mmoja akilala, wote husimama. Jani moja la mwembe likianguka juu yake, chemchemi hulegea, na watoto watakuita kusema imekufa.

Hatutii betri. Wingu likipita maji hushuka, wingu likiondoka hupanda tena, na mwalimu atakayewasimamisha wanafunzi wake hapo kwa saa nzima hatahitaji maneno mengi kuwaeleza nguvu ya nuru ni nini. Wapime kwa ndoo na saa ni lita ngapi zitokazo kwa dakika saa tatu asubuhi, na ni ngapi saa sita mchana. Kisha wapewe hesabu ya pili: kisima chenye kina cha mita 10, na nyumba zitakazo lita 1,000 kila siku. Wataona ya kuwa paneli moja ya wati 100, pamoja na pampu ifaayo, huweza kuyapandisha maji hayo katika saa mbili au tatu za jua jema. Hizo ni ndoo 50 zisizovutwa kwa kamba. Mkono uliokwisha kufunga waya mwekundu na mweusi wa chemchemi hautaogopa kufunga ule wa kisima.

Pampu isiachwe kuzunguka pasipo maji, maana hujiunguza. Kwa hiyo kiangazi kikizidi na pipa la mvua likipungua, ng'oa waya, itoe pampu, ioshe kwa mswaki wa zamani, na uiweke kivulini kavu mpaka masika. Paneli ifutwe kwa kitambaa laini na maji asubuhi, kabla haijapata moto.