Mambo Manne ya Nafsi Yamfaayo Mfanyakazi



Fundi mzuri huijua mashine yake: ajua inapenda mafuta wapi, na inakwama wapi. Mwanadamu naye ana desturi zake, na mwenye kuzijua aweza kumvuta mwenzake bila mwenzake kutambua. Mwenye duka la mkopo anazijua. Nyapara naye anazijua, hata kama hakuzisoma shuleni. Yafaa na sisi tuzijue.

Elimu inayochunguza mambo haya huitwa saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Hapa tutaeleza mambo manne ambayo wataalamu waliyajaribu kwa watu, ili kila msomaji ajue namna ya kuyatumia kwa haki, na namna ya kujikinga nayo.

1. UKIOMBA MSAADA, MTAJE MTU MMOJA

Mkono wa mfanyakazi umenaswa na mkanda wa mashine. Watu ishirini wako karibu, na wote wamesimama wanatazama. Je, ni wakatili? Hapana. Kila mmoja anadhani mwenzake amekwisha kwenda kuzima mashine.

Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walieleza jaribio lao juu ya jambo hili. Kila mwanafunzi alikaa chumba chake, akazungumza na wengine kwa kipaza sauti. Ghafla akasikia sauti ya mmoja wao kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Sauti ile ilikuwa imetengenezwa, lakini yeye hakujua. Miongoni mwa wale waliodhani kuwa hakuna mwingine aliyesikia, 85 katika kila 100 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Miongoni mwa wale waliodhani kuwa watu wengine wanne wanasikia, ni 31 tu katika kila 100.

Basi siku ya ajali usipige kelele, "Jamani, saidieni!" Hao "jamani" si mtu. Nyosha kidole useme: "Wewe mwenye shati la bluu, zima mashine! Wewe Mama, kimbia zahanati!" Aliyetajwa hawezi kumtegea mwingine.

2. TOA SABABU, NA UIPIME SABABU UNAYOPEWA

Mwaka 1978 Ellen Langer na wenzake walitoa habari za jaribio lililofanywa mjini New York. Mtu aliwaendea watu waliotaka kutumia mashine ya kunakili karatasi, akaomba atangulie na kurasa zake 5. Alipoomba bila sababu, 60 katika kila 100 walimruhusu. Aliposema ana haraka, walimruhusu 94. Ajabu ni hii: aliposema, "kwa sababu nataka kunakili," walimruhusu 93, na hiyo si sababu hata kidogo! Lakini alipoomba kutangulia na kurasa 20, sababu tupu haikumsaidia kitu. Sababu ya kweli ndiyo iliyomwongezea waliokubali.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, unapoomba jambo, eleza sababu yake. "Naomba ruhusa kesho" ni neno jepesi. "Naomba ruhusa kesho saa nane, kwa sababu mtoto anapelekwa kliniki" lina uzito. Pili, neno "kwa sababu" lisikulaze usingizi. Ukiambiwa, "Tieni sahihi karatasi hizi kwa sababu ofisi inazihitaji," hujapewa sababu yoyote. Jibu kwa heshima: "Naam bwana, naomba kwanza nisome, au nisomewe."

3. JAMBO DOGO HUZAA KUBWA

Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser waliandika juu ya jaribio lao katika jimbo la California. Watu waliombwa wakubali ubao mkubwa usiopendeza usimamishwe mbele ya nyumba zao, wenye maneno ya kuwaonya madereva waendeshe kwa uangalifu. Walikubali 17 tu katika kila 100. Lakini wengine walikuwa wameombwa kabla ya hapo waweke kikaratasi kidogo chenye onyo kama hilo, wakakubali. Kiasi cha majuma mawili baadaye wakaombwa kuhusu ubao mkubwa, na 76 katika kila 100 wakasema ndiyo. Inaelekea kwamba mtu akikubali dogo, hujiona yeye ni mtu wa kukubali.

Hivi ndivyo saa zetu zinavyopotea. Leo, "Malizia mstari huu tu." Juma lijalo ni nusu saa. Mwisho wa mwezi ni saa nzima kila siku, na haimo katika mshahara. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ile ile ya kwanza sema: "Nitamaliza, bwana, lakini naomba iandikwe kuwa ni saa za ziada."

Desturi hii ina upande wake mzuri pia. Mwenzako akiogopa mambo ya chama, usianze kwa kumpa uongozi. Mwombe kwanza asaidie kupanga viti vya mkutano. Kesho atakuja kukaa, na keshokutwa atauliza swali.

4. MMOJA AKISEMA KWELI, WA PILI HUPATA ULIMI

Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akauliza ni upi ulio sawa na ule wa kwanza. Hata mtoto angejibu. Lakini chumbani wote walikuwa wamepatana na Asch watoe jibu la uongo, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akijaribiwa. Katika majibu yake, karibu theluthi moja ilifuata uongo wa wengi, ingawa macho yake yaliona kweli. Kisha Asch akamweka chumbani mtu mwingine mmoja wa kusema kweli. Makosa yakapungua hata kubaki kama robo tu ya yale ya kwanza.

Wahenga walisema, wengi wape. Ni neno jema, ikiwa hao wengi wamesema yaliyo moyoni. Mara nyingi mkutanoni kila mtu ananyamaza kwa kuwa jirani yake amenyamaza, na mwajiri anahesabu kimya hicho kuwa ni ndiyo. Kwa hiyo, ukiwa na neno juu ya vumbi la kiwandani au dawa ya kunyunyizia inayotolewa bila glovu, usiingie mkutanoni peke yako. Patana na mwenzako mmoja kwamba ukimaliza kusema, yeye atasimama aseme, "Namwunga mkono ndugu huyu." Na ukimwona mwingine amesimama peke yake na neno la kweli, simama.

Huenda mtu akauliza, je, hii si hila? Kipimo chake ni hiki: kama mwenzako angejua unachofanya, na bado ungeweza kukifanya mbele yake, si hila. Yaliyoelezwa hapa yote yaweza kufanywa hadharani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Someni makala haya pamoja wakati wa chakula. Kisha, kabla zamu haijaanza tena, ulizaneni swali moja: mkono wa mtu ukinaswa leo, ni nani kati yetu atakayezima mashine? Mtajeni kwa jina.