Sheria na Mwenye Nyumba (3): Kudai fedha ulizomlipa mkandarasi asiyesajiliwa

Wiki iliyopita tuliona namna ya kuhakiki jina la mkandarasi katika orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) kabla ya kusaini. Leo tumgeukie aliyekwisha kulipa, ndipo akagundua kwamba aliyempa kazi hana usajili.

Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 inamkataza asiyesajiliwa kufanya biashara ya ukandarasi, na anayekiuka anatenda jinai. Wengi hukimbilia Bodi au polisi, kisha hukaa wakisubiri fedha zao. Taarifa ipelekwe, maana huwaokoa wengine. Lakini mahakama ya jinai huweza kuamuru fidia pale tu mshtakiwa anapotiwa hatiani. Anayetaka fedha zake afungue madai.

Madai hayo yanasimama juu ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kama alikudanganya kwamba amesajiliwa, kifungu cha 19 kinakuruhusu kuuvunja mkataba. Kifungu cha 65 nacho kinamtaka aliyenufaika na makubaliano yaliyogundulika kuwa batili arudishe alichopata au alipe fidia. Aliyejua tangu mwanzo kwamba fundi hana usajili, akampa kazi kwa kufuata bei nafuu, atapata shida: mahakama haina haraka ya kumsaidia aliyeshiriki kuvunja sheria.

Usitarajie pia kurudishiwa kila shilingi. Tuseme umelipa Sh18,000,000 na nyumba imefika kwenye renta. Kuta hizo nawe umenufaika nazo, na mahakama itataka kujua thamani yake. Mwite mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa apime kilichopo: mkataba unasema nondo za milimita 12, kumbe kwenye nguzo zimo za milimita 10, zege la msingi limepungua kina. Tofauti kati ya fedha ulizotoa na thamani ya kazi iliyofanyika ndiyo kiini cha dai lako. Kazi hii ifanyike, na picha zipigwe, kabla fundi mpya hajapiga plasta na kufunika ushahidi.

Tunza mkataba, risiti, kumbukumbu za miamala ya simu, hata ujumbe wa "Bosi, saruji imepanda, ongeza milioni mbili." Kisha mwandikie notisi ya madai, utaje kiasi na siku ya mwisho ya kulipa. Akikaa kimya, nenda mahakamani. Kiasi unachodai ndicho kitakachoamua uanzie mahakama ipi.

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Usiutumie muda huo kumbembeleza. Asiye na usajili mara nyingi hana hata ofisi, na ukishinda kesi baada ya yeye kuhama mji na kuuza mali zake, hutapata cha kukamata. Dai mapema, angali anapatikana na bado ana kitu.

Wiki ijayo: Namna ya kuandika notisi ya madai.