Istilahi za Kuchukua Ngazi Garini

Neno ngazi lina maana nyingi: kifaa cha kupandia, daraja la cheo, na hatua ya utawala, kama tusemapo "ngazi ya wilaya". Kwa sababu hiyo, mfasiri wa maelekezo ya magari ya safari hana budi kuandika "ngazi ya kubebeka" anapoitaja mara ya kwanza.

Sehemu zake ni mbili. Mihimili ya ubavuni tunapendekeza iitwe miti ya ngazi. Vipande vya kukanyagia viitwe vipago. Vidato ni sahihi pia, ila neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa madarasa ya sekondari.

Tatizo kubwa limo katika kitenzi. Mtu aweza kufasiri "linda ngazi", kana kwamba wahofiwa wezi. Mwingine aweza kuandika "funga" tu. Tumfikirie dereva atokaye Bukundi, wilayani Meatu, kwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ngazi ikiwa juu ya keria. Akifunga bila kukaza, mtikisiko wa njiani hulegeza kamba, na ngazi ikichomoka yaweza kumwangukia mpanda baiskeli. Maelekezo yaseme: "Funga ngazi mbele na nyuma, kaza kamba, kisha simama baada ya mwendo mfupi uzikaze tena." Sehemu inayozidi urefu wa gari tunaiita ncha iliyochomoza, nayo hutundikwa kitambaa chekundu.

Kwa hiyo mfasiri asitumie kitenzi kimoja mahali panapotakiwa viwili.