Je, Wajua? Mchezo Usio na Mshindi

Sogea kidogo hapo kwenye benchi, kahawa inakuja. Leo hapa Mwembesongo, Morogoro, tunaongea aikido, ule mchezo wa Kijapani wa kujihami. Na hatutaki mambo ya wanagenzi! Tunataka yale wanayoyajua wakongwe, waliogaragara kwenye mikeka miaka nenda rudi.

Je, wajua kwamba aikido haina mashindano? Hakuna pointi, hakuna medali, hakuna bingwa wa dunia. Mmoja anashambulia, mwenzake anamwangusha, kisha wanabadilishana zamu mpaka jasho liishe. Tawi moja mashuhuri ndilo lililoingiza mashindano, la mwanajudo Kenji Tomiki, na hata humo kisu wanachoshambuliana nacho ni laini!

Mwanzilishi wake, Morihei Ueshiba, alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Tanabe. Kimo chake je? Sentimita 156 hivi! Jeshi lilimkataa kwa ufupi, na inasimuliwa kuwa alikuwa akijining'iniza kwenye miti ili arefuke. Alipopimwa tena akapita, na vita ya Japani na Urusi ya 1904 na 1905 akapigana.

Tulia, mfupi zaidi yuko njiani. Mwanafunzi wake Gozo Shioda alikuwa na sentimita 154 na kilo 46 hivi, yaani mfuko wa saruji ulimzidi uzito. Mwaka 1962 Robert Kennedy, mdogo wake Rais wa Marekani, alitembelea dojo yake, yaani ukumbi wa mazoezi, huko Tokyo akiwa na mlinzi mwenye mwili wa haja. Shioda mwenyewe alisimulia kwamba alimlaza jamaa huyo chini, na kuinuka ikawa shida.

Siri ni nini? Sikiliza hii. Mtu anayekujia kwa kasi mara mbili haleti nishati mara mbili. Analeta mara nne! Mwanagenzi anataka kuizuia. Mkongwe anaondoka kwenye mstari wa shambulio, halafu anaacha ile mara nne imfikishe mshambuliaji mwenyewe chini. Nenda stendi ya Msamvu wakati abiria wanagombea mlango wa basi, umpishe ghafla anayekusukuma kwa bega. Utaona mwenyewe, ila usiseme nimekutuma mimi.

Wajua jicho likiona kitu, mkono huchukua karibu robo ya sekunde kuanza kujibu? Ngumi nzuri iliyotoka karibu huwa imeshatua! Ndiyo maana wakongwe wa aikido wanahangaikia umbali kuliko mbinu. Wanasimama pale ambapo mshambuliaji lazima apige hatua moja ndipo awafikie, na hatua hiyo ndiyo inayowapa habari.

Ukisikia "irimi" na "tenkan", usitishike. La kwanza ni kuingia, la pili ni kugeuka, na karibu kila kitu katika aikido kinatoka kwenye hayo mawili. Lakini hapa ndipo wengi wanakwama miaka mingi: wanadhani kugeuka ni kukwepa. Wakongwe watakuambia hata anayegeuka ameshaingia kwanza, amefika ubavuni mwa mwenzake, mahali ambapo ngumi haina kazi. Anayerudi nyuma hapati nafasi hiyo hata siku moja. Mimi hili ndilo linalonishangaza kuliko mengine yote: mchezo unaosifiwa kwa upole unakutaka umsogelee anayekupiga!

Wajua kichwa chako kina kilo 4 hadi 5? Kikivuka nyayo zako, mwili wote unakifuata. Mketishe jirani yako kwenye kiti chenye egemeo, mwekee kidole kimoja tu kwenye paji la uso, mwambie asimame bila kutumia mikono. Hasimami! Ili ainuke lazima kichwa kitangulie mbele, nawe umekizuia kwa kidole. Ndiyo maana mkongwe hababaishwi na mkono uliomkamata; anautafuta uzito wa mtu ulipo.

Haya, jaribio jingine kabla kahawa haijapoa. Kaza mkono wako kwa nguvu zote, mwenzako aukunje kwenye kiwiko. Umekunjika, siyo? Sasa uache ulegee, uunyooshe tu kana kwamba unaelekeza kilele cha Lupanga kule Uluguru, na ghafla kuukunja kunakuwa kazi kweli. Unapojikaza ovyo, misuli ya mbele ya mkono wako inamsaidia anayekunja! Jaribio hili lilipata umaarufu kupitia Koichi Tohei, aliyepeleka aikido Hawaii mwaka 1953.

Wapo wanaocheka: nani siku hizi anashambulia kwa kukushika kifundo cha mkono? Eti mzaha! Mzaha uko wapi? Zama za samurai, aliyekukamata mkono alikuzuia usichomoe upanga, na sekunde hiyo ndiyo ilikuwa uhai wako. Mbinu nyingi za kurusha ni mikato ya upanga, tofauti ni kwamba mkononi hakuna upanga. Mtazame mkongwe kwa makini utauona.

Wajua mbinu ya kwanza kabisa anayofundishwa mgeni, ikkyo, ndiyo ambayo wakongwe wanasema haimaliziki maisha yote? Wanaanza nayo siku za mwanzo, na miaka 30 baadaye bado wanairekebisha. Mwanagenzi anakusanya mbinu, mkongwe anazipunguza.

Wakija watu wanne kwa pamoja je? Usisimame katikati uwasubiri! Mwenye uzoefu anamwendea wa pembeni, anamgeuza, anamweka kati yake na wale wengine. Ghafla wanne wamekuwa foleni.

Sasa shuka nami hadi pwani. Fimbo ya aikido, jo, ina urefu wa sentimita 128 hivi. Lamu nao wana kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma, wawili wakizungukana na kupimana. Huko nako ukikosea umbali, fimbo inakukumbusha.

Na Makunduchi, Zanzibar? Kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wanacharazana hadharani kwa mabua ya migomba ili vinyongo vya mwaka mzima viishe! Wanawake wanaimba, kibanda kinachomwa moto, kisha watu wanakula pamoja. Ueshiba alisisitiza kwamba lengo ni kumaliza ugomvi bila kummaliza mtu. Wamakunduchi hawakuhitaji mkeka wala mkanda mweusi kulijua hilo.

Unadhani hapa kwetu hakuna? Mwaka 1963 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, James Christensen, alichapisha makala nzima juu ya utani wa Waluguru. Mtani anakutukana, tena hata msibani, nawe huruhusiwi kununa. Ukikasirika umeshindwa! Mwambie mkongwe wa aikido jambo hilo, atakuomba umpeleke Matombo kesho.

Wajua Ueshiba alikuwa mkulima? Mwaka 1912 aliongoza kaya 54 kwenda kufyeka mapori ya Hokkaido, kaskazini kwenye baridi kali. Mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto, aliondoka Tokyo akaenda kijiji cha Iwama kulima na kufundisha. Alishikilia kwamba jembe na mazoezi ni kitu kimoja. Wenzetu wa SUA, chuo cha kilimo, mnasikia?

Si kwamba maisha yake yalikuwa ya upole mtupu. Mwaka 1924 alifuatana na kiongozi wa dini Onisaburo Deguchi hadi Mongolia, wakakamatwa na kutiwa minyororo, wakawa hatua chache kutoka kupigwa risasi! Ubalozi mdogo wa Japani ukaingilia kati. Mwaka uliofuata, inasimuliwa, ofisa wa jeshi la majini alimshambulia kwa upanga wa mbao, naye akawa anakwepa tu, mikono mitupu, mpaka yule bwana akachoka mwenyewe. Hakumgusa! Alikuwa na miaka 41.

Nusu ya aikido ni kuanguka. Kweli! Kila mazoezi unaanguka mara nyingi kama unavyoangusha, na wakongwe wengi wanakiri kwamba wamejifunza zaidi wakiwa wa kuangushwa, kwa sababu mwili wako unasoma mbinu kutoka ndani. Tena hilo ndilo linalofaa mtaani: ukiteleza kwenye tope la masika usitangulize kiganja, utavunja kifundo cha mkono. Jikunje, jiviringishe.

Wajua Chuo Kikuu cha Chicago kiliwahi kuwa na kozi iliyounganisha aikido na nadharia za migogoro? Wanafunzi walisoma vitabu, kisha wakapanda mkekani. Aliyeifundisha ni Donald Levine, mwanasosholojia aliyebobea katika mambo ya Ethiopia, na kupitia kwake kijana Tesfaye Tekelu alianzisha dojo ya aikido Hawassa, kusini mwa Ethiopia, pamoja na vijana wa maigizo na sarakasi. Afrika Mashariki hiyo, si mbali!

Hapa Tanzania karate ndiyo ilitangulia kujaza kumbi. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianzisha dojo ya karate ya Goju-ryu pale Zanaki, Dar es Salaam. Zanzibar nako, tangu miaka ya 1990, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha judo. Na mwanzilishi wa judo, Jigoro Kano, alipomwona Ueshiba mwaka 1930 alivutiwa mno, akawatuma wanafunzi wake wakajifunze kwake!

Mwana Morogoro, hii ni yako. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kupiga muziki kwenye Maonyesho ya Dunia, Expo 70. Ni eneo lilelile la Kansai alikozaliwa Ueshiba! Walichelewa mwaka mmoja tu, maana mzee alikuwa amefariki Aprili 26, 1969.

Na miezi mitatu kabla ya kufariki alikuwa wapi? Kitandani? Thubutu! Januari 15, 1969, akiwa na miaka 85, alikuwa mkekani Tokyo, akiwaangusha vijana mbele ya watu. Sasa wewe wa miaka 45 uliyepanda Morningside mara moja ukalalamikia magoti wiki nzima, hebu rudia, ulikuwa unasemaje?