Saratani Inapojificha Katika Mkunjo wa DNA

Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua namna ya kuzifungulia breki seli T, walinzi wa mwili wanaoua seli zilizogeuka kuwa saratani. Dawa zilizotokana na kazi yao zimeokoa wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa. Hata hivyo, wengi hawapati nafuu, na sehemu ya sababu imo katika jinsi DNA inavyokunjwa.

DNA ya seli moja ikinyooshwa hufika karibu mita 2. Ili ienee ndani ya kiini, huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Mkusanyiko huo ndio kromatini. Jeni iliyokazwa haisomeki, iliyolegezwa husomeka.

Baadhi ya saratani hukitumia kimeng'enya EZH2 kukaza jeni za MHC, protini zinazobeba vipande vya yaliyomo ndani ya seli na kuvionyesha nje. Vipande visipoonekana, seli T hupita bila kushtuka. Lakini jeni hizo ni nzima. Zimefungwa tu, na kwangu hilo ndilo tumaini kubwa: kilichofungwa chaweza kufunguliwa.

Mambo si mepesi, lakini. Jeni PBRM1, ya mojawapo ya mitambo ya kulegeza kromatini, huharibika katika takriban asilimia 40 ya visa vya aina kuu ya saratani ya figo. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba wagonjwa wenye hitilafu hiyo walinufaika zaidi na dawa za kufungua breki. Tafiti zilizofuata zikapingana. Mgonjwa asinyimwe dawa kwa kipimo cha jeni hiyo peke yake.

Seli T nazo zina kromatini yao. Zikipambana muda mrefu huchoka, na uchovu huo huandikwa humo. Mwaka 2016, katika panya wenye maambukizi sugu ya virusi, dawa ya kufungua breki iliziamsha kwa muda, ila kromatini ikabaki ya uchovu. Mwaka uliofuata, panya wenye uvimbe waliopewa kwanza decitabine, inayopunguza alama za methili zinazozima jeni, kisha dawa ya breki, waliudhibiti uvimbe vizuri zaidi. Ndiyo maana naona majaribio kwa binadamu yapime pia mpangilio wa dawa: ipi itangulie, ipi ifuate.