Arusi za Kiangazi: Mgeni Ajiandae Vipi?

Kiangazi kimeingia na hapa Nyarugusu arusi zimeanza. Wageni wengine wanatoka zoni za mbali, wengine nje ya kambi, wanakuja Ijumaa wanarudi Jumapili. Basi tuambizane mapema.

Anayetoka nje haingii bila kibali cha Mambo ya Ndani. Wenye arusi wakiombee katikati ya wiki, siyo Ijumaa jioni watu wamesimama getini na zawadi mkononi.

Lakini zito ni chakula. Unga, mbaazi, mafuta na chumvi vinapimwa kwa hesabu ya watu walioandikwa kwenye kadi, na mgeni hayumo. Mwaka 2023 mgao ulipokatwa mpaka nusu, kila mama alijua ugumu wake. Ukija na mke na watoto 3, mkakaa siku 2, mmekula posho ya mtu mmoja ya siku 10. Mama wa bwana arusi hatasema kitu, kwetu mgeni hafukuzwi. Sasa wewe beba kilo 4 za unga, ndagala kidogo, hata fungu la sombe, umpe jikoni kimyakimya ukifika tu. Mimi naona inapita sufuria mpya isiyo na cha kupikwa ndani.

Na kidumu chako usisahau, maana kiangazi foleni ya bomba ni ndefu. Mkeka na blanketi pia: mwezi wa 7 usiku ni baridi kweli.